Sakafu ya Maloti Elfu Ishirini na Mbili

Kilo mia sita za vigae hazina miguu. Hata hivyo zilikuwa zimeondoka, na kufuli la mlango lilikuwa zima, limefungwa vizuri, halina hata mkwaruzo.

Inspekta Nthatisi Mokhele alisimama mlangoni mwa msonge wa kuhifadhia vitu, nyumbani kwa Ntate Phakiso Ramatla, kijiji cha Ha Seabatha, nusu saa kwa gari kutoka Mafeteng. Ilikuwa Ijumaa, saa tatu asubuhi. Ndani, upande wa kushoto, palikuwa na maboksi kumi ya vigae na mifuko kumi na miwili ya simenti ya kubandikia. Upande wa kulia hapakuwa na kitu. Vumbi lilionyesha tu pale maboksi mengine yalipokuwa yamepangwa.

"Yamekwenda mangapi?" aliuliza.

"Ishirini, M'e Inspekta. Ishirini kamili."

Aliyejibu, akimwita M'e, 'mama', kama huko mwanaume anavyoitwa Ntate, 'baba', alikuwa Likeleli, binti pekee wa nyumba hiyo, muuguzi huko Bloemfontein, ng'ambo ya mpaka. Alikuwa amefika jana yake jioni ili ashuhudie fundi akianza kazi, akakuta maboksi yaliyokuwapo asubuhi hayapo. Sasa macho yake yalikuwa mekundu.

"Nimefanya zamu za usiku miaka miwili kuyalipia," alisema. "Mama yangu ni kipofu. Kisukari kilimchukua macho, huu mwaka wa nne. Mimi kule nafagia vigae, yeye huku anakanyaga mavi ya ng'ombe. Unadhani nalala?"

Inspekta hakudhani. Yeye mwenyewe alikuwa na mama kijijini, na alikuwa anajua ule usingizi wa watoto walioko mbali.

"Funguo ziko ngapi?"

"Mbili. Mmoja wa baba. Mwingine tulimpa Kopano, fundi wa vigae, ili leo aanze bila kusumbua mtu."

Sajenti Lebusa aliandika. Alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane, mnene, mpole, na mkewe alikuwa akimdai sakafu ya vigae tangu Krismasi. Alikuwa amekuja na daftari la polisi na shida zake binafsi.

"Vigae vyenyewe vya bei gani, binti?"

"Ntate Lebusa," Inspekta alisema, "tuko kazini."

"Thamani ya mali iliyoibwa, afande. Lazima iandikwe."

Hilo lilikuwa kweli, kwa hiyo Inspekta alimwacha aandike. Alikagua eneo la tukio. Mvua ya Jumatano ilikuwa imelainisha ardhi ya ua, na ardhi laini husema. Hapakuwa na alama ya gari kuingia wala kutoka. Palikuwa na mfereji mwembamba wa gurudumu moja la toroli, lakini toroli liko katika kila nyumba ya Ha Seabatha, na kila siku hupita na maji, kuni au mtoto.

Mwenye nyumba alikuwa ameketi juu ya jiwe karibu na zizi la ng'ombe, blanketi begani, mkono wa kulia ndani ya blanketi, wa kushoto kiunoni. Mzee wa miaka sabini na miwili, mchimba migodi wa zamani, mjumbe wa baraza la chifu. Hakusimama.

"Ntate, jana ulikuwa wapi?"

"Hapa."

"Ulimwona mtu?"

"Watu hupita."

"Mbwa alibweka?"

"Mbwa wangu ana umri wangu. Habweki ovyo."

"Ufunguo wako uko wapi?"

"Msumarini, nyuma ya mlango. Nenda kauone."

Inspekta alikwenda akauona. Ulikuwa msumarini, nyuma ya mlango.

*

Kopano alifika saa nne kasorobo na gari lake dogo la mizigo, ndoo zikigongana nyuma, anaimba. Aliacha kuimba alipoona gari la polisi.

"Una ufunguo?" Inspekta alimuuliza.

"Ninao. Huu hapa."

"Jana ulikuwa wapi?"

"Mohale's Hoek, jikoni kwa mwalimu mmoja. Niliondoka jioni. Mwulizeni. Bado ananidai kona moja."

"Tutamwuliza. Kazi hii ulikadiria maloti ngapi, yote pamoja?"

"Elfu ishirini na mbili."

Sajenti Lebusa aliacha kuandika. "Ngapi?"

"Ishirini na mbili elfu, Ntate."

"Nyumba yenyewe ya vyumba viwili! Mke wangu aliona dukani kigae cha maloti mia na ishirini kwa mita ya mraba."

Kopano alicheka kwa huruma, kama daktari anayesikia mgonjwa akijitibu mwenyewe. "Wote wanaona hiyo, Ntate. Bei ya kigae ni mlango tu wa bei. Hebu sikiliza. Vyumba viwili ni mita thelathini na sita. Unaongeza moja katika kumi kwa vitakavyovunjika na kukatwa, unanunua arobaini. Hiyo elfu nne na mia nane. Barazani ni mita kumi na mbili, lakini pale mvua inapiga, na kigae laini kitamwangusha mtu. Unaweka kile kigumu chenye uso wa kukwaruza, mia tatu kwa mita. Hiyo elfu nne na mia mbili."

"Elfu tisa," Sajenti alisema kwa unyonge.

"Bado kigae kiko juu ya gari. Simenti ya kukibandika, elfu moja na themanini. Ufundi wangu, mia na kumi kwa mita, mita arobaini na nane, elfu tano mia mbili na themanini. Halafu lile ambalo hakuna anayelikumbuka, Ntate, lile linalovunja ndoa za watu: sakafu ya chini! Kigae hakikai juu ya udongo na samadi. Lazima nichimbe, nimwage zege, nisawazishe. Mia na hamsini kwa mita. Elfu tano na mia nne. Usafiri na unga wa kujazia mianya unakamilisha."

Sajenti alipiga hesabu pembeni mwa ukurasa wa ushahidi. "Karibu maloti mia nne na sitini kwa mita moja. Kuku wanne na jogoo juu!"

"Na jogoo awe mnene," alisema Kopano.

Inspekta alikuwa anasikiliza kitu kingine. "Yaliyobaki ndani ni maboksi ya barazani?"

Kopano alichungulia. "Ndiyo. Yote kumi."

"Boksi moja bei gani?"

"Mia nne na ishirini."

"Na yaliyoibwa?"

"Ya vyumbani. Mia mbili na arobaini boksi. Tena mazito zaidi."

"Kama ungekuwa mwizi, ungechukua yapi?"

"M'e!"

"Nakuuliza kama fundi."

"Ya barazani, bila kufikiri. Na simenti, maana hiyo unaiuza hata kabla jua halijatua. Nani avunje mgongo kwa mzigo wa bei rahisi, aache wa bei ghali mlangoni?"

"Ndilo ninalojiuliza," alisema Inspekta.

Sajenti Lebusa alimvuta kando. "Afande, tusizunguke. Ana ufunguo. Ana gari."

"Gari ambalo halikuingia uani."

"Angeweza kuliacha barabarani."

"Halafu abebe kilo mia sita mita mia mbili kwa toroli, mchana, kijiji kizima kikimtazama?" Hata hivyo ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Kopano, na sheria haijali nani anaimba vizuri. "Akae kwenye gari letu mpaka tusikie kutoka kwa huyo mwalimu."

Kopano aliingia kwenye gari la polisi bila ubishi. Mzee Phakiso, juu ya jiwe lake, alitazama hilo lote, kisha akatazama chini.

*

Ndani ya nyumba palikuwa na ubaridi mzuri na harufu ya samadi kavu, ile isiyo mbaya kwa mtu aliyelelewa nayo. Inspekta alivua viatu mlangoni bila kuambiwa.

"Umevua viatu," alisema M'e Malikeleli, mama yake Likeleli. "Una adabu. Kiti kiko kushoto kwako, hatua mbili."

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, kilemba cha buluu, miguu mitupu. Alitoka kwenye jiko hadi kabatini, akachukua kikombe, akarudi, akamimina uji wa mtama uliochachushwa, akauleta hadi mkononi mwa Inspekta. Hakupapasa ukuta wala meza. Alikuwa akiburuza miguu kidogo tu, taratibu, na uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

"M'e, ulikuwa unaifurahia sakafu mpya?"

"Binti yangu ana moyo mkubwa."

"Sijauliza habari za moyo wake."

Mama alicheka. "Wewe utakuwa wifi wa mtu. Maswali yako ni ya mawifi."

"Ni ya kazini, M'e. Ulipata kukaa kwenye nyumba ya vigae?"

"Kwake, mwaka jana. Siku kumi na moja. Nyumba nzuri sana, laini kama sahani."

"Ulifanya nini siku kumi na moja?"

"Nilikaa," alisema M'e Malikeleli. "Kulikuwa na kiti kizuri, nikakaa." Akageukia jiko kama mtu mwenye haraka.

Inspekta aliweka kikombe chini, na hapo ndipo alipoitazama sakafu. Ilikuwa imesiribwa kwa samadi si zaidi ya wiki moja iliyopita, kazi safi, imechorwa kwa vidole kama wanawake wanavyochora. Bibi yake alimfundisha hiyo kazi akiwa na miaka saba: unasiriba kwa kiganja, halafu unavuta vidole vinne kabla haijakauka, unapata mapambo ya mistari minne minne.

Hapa mistari haikuwa mapambo. Ilinyooka kutoka kitandani hadi mlangoni, haikukatika. Ilijipinda kulizunguka jiko, mbali kidogo na moto. Mbele ya kizingiti kulikuwa na safu ya vitone vilivyobonyezwa kwa kidole gumba. Na haikuwa minne. Ilikuwa miwili karibu karibu, kisha pengo, kisha mmoja.

Inspekta aliinama, akaweka vidole vyake juu ya mistari. Havikulingana. Kimoja kilibaki juu ya pengo.

"Anayewasiribia ni nani, M'e?"

"Jirani," ilijibu sauti ya mzee Phakiso mlangoni. Hakuna aliyemsikia akija. "M'e Maseriti. Anakuja kila baada ya wiki mbili."

M'e Malikeleli alichukua kitambaa akaanza kufuta kikombe kilichokuwa tayari safi.

*

M'e Maseriti aliwapokea akiwa kitini, magoti yote mawili yamefungwa bendeji.

"Mimi? Nipige magoti nisiribe nyumba ya watu?" alisema. "Kanisani kwenyewe nasali nimekaa, na Mungu amenizoea hivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu baridi ya mwaka juzi."

"Basi nani anasiriba pale?"

M'e Maseriti alilitazama paa lake kwa muda mrefu. "M'e Inspekta, wewe ni mwanamke. Kuna mambo mwanamke akiyaona ya jirani yake huyameza, akanywa maji juu yake."

"Sawa. Jana mchana mlikuwa wapi?"

"Jana si Alhamisi? Alhamisi wanawake wote tuko kwenye maombi, tangu saa nane hadi kumi na moja. M'e Malikeleli tunampeleka sisi kwa mkono. Kijijini wanabaki kuku."

"Na wanaume."

"Hao wako kwenye pombe, au kwa chifu. Nimeshasema, wanabaki kuku."

Simu ya Sajenti ililia walipokuwa njiani kurudi. Mwalimu wa Mohale's Hoek alikuwa amethibitisha: Kopano alikuwa jikoni kwake mpaka jua linazama.

"Basi hatuna mtu," alisema Sajenti Lebusa.

"Tunaye. Hatuna sababu."

Inspekta hakurudi ndani ya nyumba. Alikwenda zizini. Kando ya ukuta wa mawe kulikuwa na rundo la samadi kavu ya kuni, imekatwa vipande vya mraba kama matofali na kupangwa, kama ilivyo katika kila ua. Rundo hilo lilikuwa limeliwa upande mmoja, maana lilikuwa linatumika kila siku jikoni. Nyuma yake lilikuwapo jingine, refu, la kufika kiunoni, limepakwa samadi mbichi pande zote ili mvua isiingie.

"Ntate Lebusa, mkeo akianza kula gunia la unga, analishona tena?"

"Hapana."

"Rundo moja bado lina kuni za miezi miwili. Na hili wamelifunga juzi juzi tu." Aliweka kiganja juu yake. Palikuwa na unyevu. Kisha akachuchumaa, na Sajenti akachuchumaa kwa tabu kando yake.

Mistari miwili karibu karibu. Pengo. Mstari mmoja.

"Hii ni nini?"

"Alama za vidole," alisema Inspekta. "Kubwa kuliko zote nilizowahi kuziona, na mwenyewe hakujua kama anaziacha. Mkono umezoea."

Aliondoa kipande cha kwanza, cha pili. Nyuma yake palitokea karatasi ngumu ya boksi, na maandishi ya dukani.

*

Ntate Phakiso alikuwa amerudi juu ya jiwe lake. Aliwaona wakija na boksi, akaelewa, na mabega yake yakashuka kama ya mtu aliyetuliwa mzigo.

"Ntate, naomba mkono wako wa kulia."

Mzee aliutoa polepole kutoka kwenye blanketi. Kidole cha pete hakikuwapo.

"Kilibaki mgodini Welkom, chini ya jiwe, mwaka wa themanini na saba," alisema.

"Ulibeba peke yako?"

"Toroli lilinisaidia."

"Na mgongo?"

"Umekufa."

"Kwa nini, Ntate?"

"Andika wizi. Andika nilitaka kuyauza."

"Kwa bei gani?"

Mzee alifikiri. "Maloti elfu moja. Kila boksi."

Sajenti Lebusa, ambaye kwa asubuhi moja alikuwa amekuwa bingwa wa somo hilo, alishindwa kujizuia. "Elfu moja! Boksi la mia mbili na arobaini? Ntate, ungekufa nayo hapa zizini."

"Unaona, Ntate?" alisema Inspekta kwa upole. "Hujui hata bei ya ulichoiba. Uliacha ya ghali, ukaacha simenti, ukachukua ya vyumba viwili tu. Ya mahali anapotembea mkeo."

Mzee alitazama gari la polisi.

"Kopano yuko ndani ya gari langu. Ana leseni ya ufundi na jina zuri. Nikiondoka naye hapa, hata nikimwachia kesho, hakuna atakayempa tena ufunguo wa nyumba yake."

"Si nimesema ni mimi?"

"Umesema nani. Hujasema kwa nini. Hakimu atauliza."

"Mwanangu," alisema Ntate Phakiso, na sauti yake ikawa ndogo, "kwa wizi nitafungwa. Kwa hilo jingine nitachekwa. Mimi nakaa kwenye baraza la chifu. Wanaume husimama nikiingia. Bora nifungwe."

Inspekta alikaa chini, kwenye vumbi, na sare yake. Hakuna lililofanya kazi vizuri zaidi katika miaka yake kumi na minne ya upelelezi kuliko kukaa chini.

"Mimi sitacheka," alisema. "Na Ntate Lebusa akicheka namhamishia milimani."

Basi mzee akasema.

"Macho yalipokwenda, aliungua mkono jikoni. Akaanguka kizingitini mara mbili. Akawa hatoki kitandani mpaka nimshike. Yeye, aliyekuwa akilima shamba zima kabla mimi sijafunga viatu! Siku moja Maseriti alisiriba, na mistari yake kwa bahati ikaenda kutoka kitandani hadi mlangoni. Nikiwa nje nikasikia mtu ananiita. Nageuka, mke wangu amesimama mlangoni. Peke yake. Anacheka."

Alijipangusa uso kwa ule mkono wa vidole vitatu na gumba.

"Kisha magoti ya Maseriti yakakataa. Sakafu ikachakaa, mistari ikafutika, akarudi kitandani. Kule mgodini, moshi ukijaa huoni kitu, lakini kuna kamba imefungwa ukutani. Unaishika, inakutoa. Nikasema, na yeye mguu wake upate kamba. Alhamisi wakiwa kwenye maombi nafunga mlango, napiga magoti, nasiriba. Mimi, mwanaume mzima, mavi ya ng'ombe mpaka kiwikoni, kama bibi harusi aliyeletwa jana. Miaka miwili sasa. Kigae hakina kamba, mwanangu. Kila mahali ni kulekule. Kule kwa Likeleli alikaa kwenye kiti siku kumi na moja kwa sababu hakujua alipo, na hakutaka mtoto ajue. Yeye amepoteza macho mara moja. Mimi nimwache apoteze tena?"

Sajenti Lebusa hakucheka. Alikuwa anatafuta kitu muhimu sana ndani ya kofia yake.

Likeleli alikuwa amesimama nyuma ya ukuta wa zizi, na hakuna aliyejua tangu lini.

"Ungeniambia, baba."

"Ningekuambia nini? Kwamba baba yako anasiriba nyumba?"

"Ndiyo! Hivyo hivyo! Nilipokupigia simu ukasema tutaona!"

"Tutaona ni hapana."

"Tangu lini tutaona ikawa hapana?"

"Tangu dunia iumbwe," alisema mzee. "Ninyi wa Bloemfontein ndio mmesahau."

Likeleli alilia, na katikati ya kulia akacheka, na akakasirika kwa sababu amecheka. "Nimefanya zamu mia tatu na kitu. Nilitaka kumfanyia kitu kimoja tu. Kimoja!"

"Najua, mwanangu. Ndiyo maana sikuweza kusema."

"Baba Likeleli."

M'e Malikeleli alikuwa mlangoni mwa nyumba, miguu yake juu ya vitone vya kizingiti. Alikuwa amesikia yote. Wasioona hawahitaji kusogea ili wasikie.

"Unadhani mimi ni kipofu wa miguu pia?" alisema. "Maseriti alikuwa anaandika minne. Baridi ya mwaka juzi ikaja miwili, pengo, mmoja. Mkono huo nimeolewa nao miaka arobaini na sita."

Mzee alimgeukia mkewe.

"Ulijua?"

"Tangu siku ya kwanza."

"Mbona ulinyamaza?"

"Wewe si ulifunga mlango?" alisema. "Nikaona unataka ufungwe."

Inspekta aliona haya kuwapo pale, na pia hakutaka kuwa mahali pengine popote.

*

Mlalamikaji aliomba iandikwe kwamba mali imepatikana. Inspekta aliandika kwamba mali haikutoka nje ya ua wa mwenyewe hata mara moja, na kwamba hakuna kosa lililotendeka, isipokuwa dhidi ya mgongo. Kopano alifunguliwa gari, akaombwa radhi na kila mtu kwa zamu, na mwisho akapewa uji. Alisikiliza habari yote akinywa.

"Sasa kazi ipo au haipo?" aliuliza.

"Barazani weka," alisema Likeleli. "Huko baba humshika mkono. Ndani..." Alitazama wazazi wake. "Ndani tuache kama palivyo."

"Na mzee akifa?" aliuliza Kopano.

"Fundi!" Sajenti alimkemea.

"Samahani, lakini ndivyo sakafu zilivyo. Samadi inataka mtu kila baada ya wiki mbili. Mzee ana miaka sabini na miwili, mgongo huo mnauona. Akitangulia yeye, mama atatembea wapi?" Aliweka kikombe chini. "Kwenye makadirio yangu mna zege na simenti ya kusawazisha, elfu tano na mia nne, iwe na vigae au bila vigae. Maboksi ishirini dukani watayarudisha, wakate kidogo. Simenti ikiwa mbichi ina saa mbili hivi inakubali kila kitu. Hata vidole. Ikishakauka, mjukuu wa mjukuu ataikuta."

Likeleli alimtazama baba yake. Mama aligeuza uso kuelekea alipokuwa mumewe. Ntate Phakiso alielewa haraka kuliko wote bei yenyewe ilikuwa ipi, maana simenti haingojei Alhamisi, na haifungiwi mlango. Lazima mlango na madirisha yawe wazi, fundi amwage kipande, mzee afuate nyuma yake kwa magoti, kipande baada ya kipande, huku ndoo zikipita uani mikononi mwa nusu ya wanaume wa Ha Seabatha.

"Lini?" aliuliza.

"Nikichimba kesho, tumwage Jumanne."

"Tutaona," alisema mzee.

Likeleli alishika kichwa.

Jumanne Inspekta alirudi na jalada kwa ajili ya sahihi, ingawa sahihi hiyo ingeweza kungoja. Uani palikuwa na wanaume kumi na wawili hivi, mchanga, maji, na mchanganyiko wa simenti. Wajumbe watatu wa baraza la chifu walikuwa wameegemea uzio na mablanketi yao, wamekuja kutazama jinsi pesa za Bloemfontein zinavyomwagwa.

Mlangoni Likeleli alikuwa amemketisha baba yake kwenye kigoda, anampaka mkono wa kulia mafuta mazito ya mgando, kidole kimoja kimoja, mpaka kifundoni, ili simenti isimchome. Alifanya hivyo taratibu, kama anavyofanya wodini.

"Tayari, Ntate!" Kopano aliita kutoka ndani. "Upande wa kitanda!"

Ntate Phakiso aliinuka. Aliwatazama wenzake pale uzioni. Akavua blanketi, akalikunja, akamkabidhi binti yake. Kisha akaingia, akapiga magoti juu ya ubao mbele ya watu wote, akaweka mkono juu ya simenti mbichi na kuanza kuvuta.

"Phakiso!" mmoja alipaza sauti kutoka uzioni. "Unafanya nini huko chini? Umeolewa?"

Wanaume walicheka. Mzee alisimamisha mkono, masikio yakiwa yamemwiva. Hakugeuka.

"Nimeolewa," alisema. "Miaka arobaini na sita. Lete ndoo, acha mdomo."

Walicheka tena, lakini kicheko kilikuwa kingine, na yule aliyesema akatoka uzioni akabeba ndoo.

M'e Malikeleli alikuwa ameketi nje chini ya dirisha, mikono magotini, akisikiliza. Kutoka ndani ilisikika sauti ndogo ya vidole vikipita kwenye simenti, ikisimama, ikiendelea.

"Umefika wapi?" aliuliza.

"Jikoni. Nalizunguka."

"Usinipitishe karibu sana na moto."

"Najua."

"Na kabatini?"

"Nakuja kabatini, mama. Usinisukume."

"Sikusukumi," alisema. "Nakungoja mlangoni."